Lawama ya Kufungwa ni ya Nani?

Mwaka jana timu yetu ya wakulima, karibu na Runyenjes, ilifungwa mabao manne na vijana wa ng'ambo ya mto Thuci. Watu wote walimlaumu mwalimu wa timu, naye akaondoka kwa aibu. Mimi nilinyamaza, ingawa nilikuwa katika halmashauri iliyochagua wachezaji. Mabeki tuliwachagua kwa udugu, na mmoja wao ni mpwa wangu. Tena mwalimu alipoomba siku mbili za mazoezi kila juma, tulimpa moja, kwa kuwa kahawa ilikuwa ikivunwa.

Mwaka 2019 huko Misri, Kenya iliishinda Tanzania 3-2, lakini ilifungwa na Algeria 2-0 na Senegal 3-0. Mwezi wa Agosti mwalimu Sébastien Migné akaondoka. Wachache walikumbuka kwamba beki Brian Mandela aliumia mazoezini kabla ya mashindano.

Ndugu wasomaji, aliyepanda miche dhaifu asimlaumu mchumaji. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa yule mwalimu nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mzee, nitarudi siku mtakapochagua wachezaji, si ndugu."