Barua Kutoka Leeds: Aliyesimamishwa Bado Hajahukumiwa

Ndugu zangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta,

Huku Leeds, Uingereza, natunza wazee, na yaliyotokea kazini kwetu nataka yawafikie hasa ninyi wa loji za Tsavo, mashamba ya mkonge na ofisi za kaunti.

Dawa za mzee mmoja zilipungua, mwenzetu wa zamu akasimamishwa kazi. Barua aliyopewa ilitaja tuhuma waziwazi, ikaeleza nani atachunguza, ikasema kusimamishwa huko si adhabu. Mshahara wake haukukatwa. Aliyechunguza alikuwa meneja wa kituo kingine, asiye na urafiki wala ugomvi naye. Ikabainika kuwa hesabu ilikosewa kwenye daftari la dawa, naye akarudi kazini. Muda huo wote hakuna meneja aliyetutangazia kisa chake.

Uingereza nayo imewahi kuumiza watu wake vibaya. Kati ya 1999 na 2015, kompyuta za mfumo wa hesabu uitwao Horizon zilionyesha kwamba wasimamizi wa posta ndogo wamepoteza fedha. Wengi walisimamishwa bila malipo, na zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Mara nyingi Shirika la Posta lilikuwa mlalamikaji, mchunguzi na mwendesha mashtaka, yote kwa pamoja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kuwa mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Baadhi yao walikuwa wameshafariki wakiitwa wezi.

Kwetu Kenya sheria ipo, tena nzuri. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Basi mkata mkonge asiyejua Kiingereza aelezwe kwa Kiswahili, au kwa Kidawida ikibidi. Ana haki ya kuingia kikaoni na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na maelezo yao yasikilizwe kabla ya uamuzi.

Kinachonisikitisha ni ule muda wa kungoja kikao hicho. Malipo ya aliyesimamishwa hutegemea sana mkataba na kanuni za kazini, na wapo wanaokaa miezi bila senti wala tarehe ya kikao. Voi ni mji mdogo. Mtu akionekana Sofia au Mwakingali saa nne asubuhi siku ya kazi, habari inafika kwao Wundanyi kabla ya jioni. Kodi inadaiwa, karo inadaiwa, na dukani hakopeshwi tena. Hata akioshwa na uchunguzi, nani atazunguka mitaani kumsafisha jina?

Nawasihi mameneja: msimamisheni mtu pale tu ambapo kuwepo kwake kutaharibu ushahidi au kuhatarisha wengine. Mlipeni. Mpeni tarehe. Na anayelalamika asiwe ndiye anayeamua.

Nawe uliyepewa barua ya kujieleza, usitie sahihi usichokielewa. Jibu kwa maandishi, weka nakala, nenda na mwenzako kikaoni. Ukifukuzwa kwa dhuluma, fika ofisi ya leba. Sheria inakupa miaka 3 ya kufungua kesi, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.