Laptopu ya Mtumba
Ukiwa na nodi 20, unaweza kuunda miti ya maumbo mangapi, kila nodi ikiruhusiwa mtoto mmoja kushoto na mmoja kulia?

Mimi huanza na mzizi. Zinabaki 19 za kugawa pande mbili, na kila upande ni mti mdogo wenye swali lilelile. Basi funksheni inajiita yenyewe mpaka ifike mti mtupu, unaohesabiwa 1. Majibu ya pande mbili nayazidisha, kisha najumlisha migao yote.

Programu yenyewe ni fupi, lakini iachilie uone: inajiita mara 3,486,784,401! Mti wa nodi tatu inauhesabu upya kila ikikutana nao, ni kama haijawahi kuuona.

Sasa ipe daftari. Kila jibu liandikwe, na kabla ya kuhesabu, ichungulie humo kwanza. Maswali yanabaki 21 tu, kutoka 0 hadi 20. Jibu linatoka papo hapo: 6,564,120,420.

Laptopu yangu ni ya mtumba, feni inanguruma kama matatu mlimani. Kwa mahojiano ya kazi napangwa na wenye mashine mpya, na sitetemeki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yangu mimi ni muda.