Umeipamba ndinga, je bima inaijua?

Kuna vijana hapa mjini ukiwauliza gari lao lina thamani gani, watakutajia kwanza bei ya rimu. Si utani. Gari lenyewe limepatikana kwa taabu, mkopo huku, mchango wa shangazi kule, lakini likishatoka bandarini tu haliendi nyumbani, linaenda Kariakoo kwa fundi. Linashushwa mpaka linataka kulamba lami, linatiwa tinti, linafungwa spoila, taa zinabadilishwa, na kwenye buti inaingia sabufa ya kutetemesha madirisha ya majirani. Kisha mwenyewe anakwenda kukata bima ndogo ya shilingi 118,000, anaondoka akipiga mluzi. Kwake yeye kazi imekwisha.

Mimi nasema haijaanza. Na nasema kwa uchungu, mpenzi msomaji, kwa sababu mmoja wa vijana hao ndiye mchumba wangu, na fedha zilizolala kwenye lile gari lake, ukizitazama vizuri, ni ukumbi wa harusi yangu pamoja na mapambo yake.

Ana Altezza. Wanaojua magari wameshatabasamu. Kwa wasiojua, hili ni gari ambalo Toyota walianza kulitoa mwaka 1998, likachaguliwa gari bora la mwaka huko Japani msimu wa 1998-1999, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Zile taa zake za nyuma zenye kioo cheupe ziliigwa dunia nzima hadi mtindo wenyewe ukaitwa taa za Altezza. Toleo hilo lilikoma mwaka 2005. Maana yake lile changa kuliko yote limeshafikia umri wa kupiga kura, lakini mchumba wangu analiosha kila asubuhi kama mtoto mchanga.

Sasa sikiliza alichokifunga. Rimu za inchi 17, milioni 1.6. Sabufa mbili na amplifaya, laki tisa. Springi na shokapu za kulishusha, laki nane na nusu. Bampa ya mbele, spoila na taa, laki saba. Redio yenye kioo kama televisheni, laki nne na nusu. Jumla milioni 4.5, juu ya gari la milioni 12. Bei hizi sikuzijua kwa kuambiwa na mpenzi wangu, nilizijua kwenye fomu ya bima, mstari kwa mstari, nimekaa pembeni yake huku yeye akiandika na kufunika na kiganja kama mtoto wa darasa la tatu.

Kilichonipeleka huko ni mkasa wa jirani yetu.

Tabata tunapoishi kuna bwana mmoja alikuwa na Mark X nyeusi tii, rimu inchi 19, viti vya ngozi vya kushonesha, muziki ndani kama disko. Alikuwa na bima kubwa, msidhani hakuwa mjanja. Usiku mmoja mwaka 2023 gari likaondoka pale baa alipoliegesha. Siku ya nne likapatikana Kimara, ndani ndani huko, limekaa juu ya matofali. Rimu hakuna, redio hakuna, taa za mbele zimeng'olewa, viti vimechanwa kwa kisu. Akapeleka madai yake. Kampuni, ambayo siitaji, ikamjibu kistaarabu kabisa kwa barua: gari tulilolikatia bima lilikuwa na rimu za kiwandani, redio ya kiwandani na viti vya kitambaa, kwa hiyo tutakulipa hivyo. Alichopata hakikufika robo ya alichopoteza.

Mtaa mzima uliilaani kampuni. Na mimi nililaani, jirani ni jirani. Ila siku aliponionyesha nakala ya fomu yake nikabaki mdomo wazi. Pale panapouliza kama gari limeongezwa au limebadilishwa kitu chochote, ameandika HAPANA, tena kwa herufi kubwa. Huyu naye! Lakini nasema na hili pia: wakala aliyemjazisha alikuja mpaka uani, akaziona zile rimu kwa macho yake mawili, akanyamaza. Mawakala wa namna hiyo wapo, mkononi ana kalamu na kichwani ana kamisheni, anataka usaini aondoke. Kwake mteja anayeeleza mengi anamchelewesha.

Basi mwaka 2024 bima ya mchumba wangu ilipokaribia kwisha nikamwambia wewe bwana, safari hii tunakwenda wote. Akanuna. Alidhani nataka kumchunga. Sikukataa.

Kampuni ya kwanza ilitukatalia mlangoni. Gari lina umri mkubwa, bima kubwa hatutoi, chukueni ndogo. Tukaondoka. Sasa bima ndogo, kwa yule asiyeifahamu, ndiyo ile ambayo sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo kabla ya kuingia barabarani. Ukimgonga mtu, inamlipa yule uliyemgonga. La kwako likigeuka chapati, ni lako. Ipo na ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Kubwa ndiyo inayolibeba na gari lako mwenyewe. Wazazi wetu hawakuwa na kazi ya kuzunguka madukani namna hii. Tangu 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake, ukipenda usipende, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na kila moja ina moyo wake juu ya gari kuukuu.

Mahali pa pili tukamkuta mzee mmoja wakala, ofisi ndogo, feni moja, meza imejaa mafaili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Karibuni mkae. Gari gani?"

Mchumba wangu akasema Altezza, milioni 12. Mzee akanyanyua shingo akachungulia dirishani, ndinga ipo nje inang'aa.

"Na hayo mengine?"

"Mzee wangu, andika gari tu. Hayo mengine ni urembo."

"Urembo kaulipia nani?"

"Mimi."

"Siku ukiibiwa atakulipa nani?"

Kimya. Nilitamani kumkumbatia yule mzee.

Akavuta kikokotoo. Kwa asilimia 3.5, gari la milioni 12 ada yake ni 420,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Ukiandika na mapambo, milioni 16.5, inakuwa 681,450. Tofauti ni shilingi 185,850. Mchumba wangu akashika kichwa kama ameambiwa auze figo. Huyu huyu aliyelipia springi laki nane na nusu ili gari liwe linagusa matuta!

Mzee akamweleza taratibu. Bima ni mkataba wa watu wawili ambao mmoja wao, yaani kampuni, halijui gari, anategemea maneno yako. Jambo lolote ambalo lingemfanya apandishe ada au akukatae unatakiwa kulisema, hata kama hujaulizwa. Ukificha, siku ya madai anayo haki ya kukugeuzia mgongo. Tena kuna mikataba mingine ukipunja thamani na yeye anakupunja kwa uwiano ule ule: umeandika milioni 12 kitu cha milioni 16.5, ukipata ajali ya milioni moja unaondoka na kama 727,000, na hapo bado hajakata kile kiasi ambacho kila mwenye bima anabeba mwenyewe.

Akaongeza la redio, hili liwaingie wale wanaochomoa vitu usiku na kulala navyo. Pambo linakuwa kwenye bima likiwa limefungwa kwenye gari. Ukilichomoa ukaliweka sebuleni, mwizi akapita nalo dirishani, hilo si jambo la bima ya gari tena. Na redio na kioo cha mbele mara nyingi vina kikomo chake kwenye mkataba, ukitaka zaidi ya hapo uombe, uandikiwe, ulipie. Mchumba wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno kana kwamba anayajua tangu zamani.

Kisha likaja suala la risiti. Hapo ndipo Kariakoo ilipotutia aibu. Redio ilikuwa na risiti yake halali ya mashine. Rimu tulikuwa nazo kwenye kipande cha karatasi ya daftari, "rimu 4 safi", na namba ya simu isiyopatikana. Sabufa, hata hicho kipande hakuna. Springi, fundi alilipwa mkononi chini ya mwembe. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akasema basi itabidi mthamini alione gari, lipigwe picha kila upande, na namba za amplifaya na redio ziandikwe moja moja. Msomaji wangu unayepanga kufunga kitu kesho, dai risiti. Fundi akikuambia ya risiti ina bei yake, piga hesabu upya ndipo uamue.

Jumamosi yake mzee mwenyewe akaja Tabata na mthamini. Wakapiga picha rimu, wakapiga picha buti, wakaandika. Mchumba wangu akawa amechangamka, anawawashia muziki, watoto wa mtaa wamejaa. Vioo vya pembeni na taa zote alishaziandika namba za gari kwa ajili ya wale vijana wa kwenye foleni wanaonyofoa kioo ukiwa umekaa ndani. Mthamini akamsifu kwa hilo. Halafu akasema, "Fungua boneti."

Nikaona uso unabadilika.

Mthamini akainama, akafuta vumbi kwa kitambaa, akasoma, akatazama kadi ya gari, akasoma tena. Kadi, pamoja na namba ya chesisi inayoanza na GXE10, zinasema gari lilizaliwa na injini ya 1G, ile ya silinda sita yenye nguvu za farasi kama 160. Iliyomo ni 3S ya silinda nne, ile kali, inayofika 210.

"Nililikuta hivyo hivyo mzee," mchumba wangu akasema. "Aliyeniuzia ndiye aliyebadilisha."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Mimi nimekuwa nikipanda gari lile miaka miwili, na nimeambiwa mara zisizo na idadi kwamba lina injini yake ya kuzaliwa, halijaguswa. Sikusema kitu. Niliingia ndani nikachemsha chai.

Nilipotoka na birika mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anamweleza, wala hakuwa na hasira. Kijana wangu, alisema, ukificha rimu huenda ukakosa rimu. Ukificha hili unaweza kukosa gari zima. Siku ya ajali kitu cha kwanza wanachotazama ni namba ya chesisi na namba ya injini kama zinafanana na kadi. Zisipofanana, wewe utaanza kueleza, na wao wataanza kuuliza gari hili ni la nani. Nenda TRA wanaotoa kadi, peleka karatasi za injini, ubadilishiwe. Ndipo uje tuandike.

Karatasi za injini! Ilibidi tumtafute aliyemuuzia, tukampata Mbagala baada ya wiki mbili, na bahati nzuri alikuwa ametunza risiti ya injini kwenye mfuko wa rambo pamoja na vyeti vya shule. Kadi mpya ilichukua muda wake na nenda rudi zake, sitawachosha. Wiki zote hizo gari lilikaa uani. Mchumba wangu alipanda daladala, akaja kunitembelea amekunja uso, shati limekunjamana. Tulizungumza sana jioni zile, kuliko miezi yote ya muziki.

Ada alisema hana. Nikamwambia kamati ya harusi haitoi hata senti tano, asijaribu. Akaiuza sabufa moja kwa mshikaji wake wa Sinza, mzee akapunguza orodha na thamani ikashuka kidogo, tukalipa, na nikahakiki stika mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yangu kabla hatujatoka ofisini. Kwenye mkataba sasa imeandikwa: rimu nne inchi 17, redio na namba yake, amplifaya na namba yake, springi fupi, bampa, spoila, injini 3S.

Rimu za kiwandani mzee alituambia tusizitupe wala tusiziuze, siku gari likiuzwa mnunuzi anaweza kuzitaka. Zipo uvunguni mwa kitanda kwa mama mkwe wangu mtarajiwa, Temeke. Ameshauliza mara mbili kama na zile ni sehemu ya mahari.