Karani na Chungu cha Mamaye

Karani wa Kitale hukaa kitini tangu asubuhi hata jioni, na chakula chake ni ugali mweupe wa mahindi yaliyokobolewa. Aendapo kwao Bungoma, mama yake humpikia ugali wa wimbi kwa kunde na mrenda. Naye huona haya kuula mbele ya wageni. Kumbe kukoboa huondoa pumba na kiini cha punje, penye vitamini nyingi. Tena wimbi lina kalsiamu ya kujenga mifupa kupita mahindi kwa mbali.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima kutembea kwa haraka, au kufanya kazi ya kiasi hicho, dakika 150 au zaidi kila juma. Mama huzimaliza shambani bila kuhesabu. Basi karani na aende kazini kwa miguu, wala asikionee haya tena chungu cha mamaye.