Niliyoyanyamazia Mlimani

Sisi watu wa visiwani mlima tunaujua kwa methali tu. Twasema milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini ukituuliza mlima wenyewe una nini, hatuna la kujibu. Unguja nzima haina pahala panapofika mita 200 juu ya bahari, na mtu akipanda Masingini akashuka hujihesabu kuwa naye amepanda. Kwa hivyo mpwa wangu aliponiandikia kutoka Arusha, anakofanya kazi, kuwa amepata ruhusa ya siku nne na angependa tuupande Meru pamoja, kwanza nilicheka, kisha nikaenda kununua viatu.

Ukiutazama kutoka mjini Arusha, Meru ni mlima uliotimia, umechongoka kama pia iliyopinduliwa. Asubuhi huonekana wote. Ikikaribia adhuhuri umekwisha kujifunika mawingu. Lakini lango la wapandaji liko Momella, upande wa mashariki, na huko ndiko unakouona ulivyo kwa hakika: ubavu mzima haupo. Wataalamu wa miamba wanasema uliporomoka kiasi cha miaka 8,000 iliyopita, ukamwaga mawe na udongo mpaka mbali, na maziwa ya Momella yenye heroe yamekaa katika mabonde ya kifusi hicho. Ndani ya shimo umebaki mlima mdogo wa majivu. Mara ya mwisho volkano hiyo kutoa ilikuwa mwaka 1910, yaani katika zama za babu zetu, si zama za ngano.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha haruhusiwi mtu kuupanda mlima bila ya askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwani misitu ya chini ina nyati na tembo. Sisi tulipewa mmoja, mtu wa makamo, mwenyeji wa ubavuni mwa mlima huo huo, mwenye maneno machache. Alinipa shikamoo, ingawa umri haukututenga sana, akaitazama bakora yangu, akatabasamu. Wenzetu wa Ulaya, katika milima ya Alpi, njia zao wamezitia alama za rangi kwenye mawe na vibao vinavyotaja saa za mwendo, na Waswisi wana huduma ya uokozi wa angani tangu mwaka 1952. Mtu huweza kutoka peke yake na ramani yake mfukoni. Wala asidhani msomaji kuwa Meru ni mdogo kwa milima hiyo: kilele chake kina mita 4,562, nao Matterhorn, ule unaotiwa kwenye kalenda, una mita 4,478. Meru askari ndiye ramani na ndiye kibao. Akisema turudi, mmerudi nyote, kwa sababu hakuna anayebaki njiani bila yeye.

Kanuni hiyo niliisikia langoni, nikaitikia kwa kichwa, na sikuipima uzito wake hata usiku wa pili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha. Nyati walisimama nyikani wakitutazama kama wadai, askari akatuashiria tusimame nasi, mpaka walipochoka na sisi wakaondoka. Tulipita chini ya mtini mkubwa uliojifanya tao, mbega wakiruka juu yetu na mikia yao myeupe, tukalala Miriakamba, kwenye mita 2,500 hivi. Nilikula vizuri na nikalala vizuri. Mpwa wangu vile vile.

Siku ya pili njia yote ni ngazi. Magogo yamelazwa kwenye udongo, daraja baada ya daraja, katika msitu wenye miti inayoning'inia ndevu za kijivu, na kila ukidhani umemaliza huanza nyingine. Askari alisema neno moja tu siku ile, pole pole, na mpwa wangu hakulisikia. Ni kijana wa miaka 26, anacheza mpira kila Jumapili, na alikuwa akitangulia, akitungoja, akitangulia tena. Tukafika kibanda cha pili, Saddle Hut, mita 3,570. Alasiri tukapanda Meru Ndogo, mita 3,820, ili mwili uonje hewa ya juu kisha ushuke kulala. Ndiyo desturi ya huko, na ni desturi nzuri. Lakini madaktari hushauri kuwa mtu akishapita mita 3,000 asipandishe malazi yake zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kutoka Miriakamba hadi kibanda kile ni zaidi ya 1,000. Lau ningekuwa na kauli, ningeamuru kila mtu wa pwani alale Miriakamba siku mbili.

Magharibi nilitoka kutia udhu. Nyuma ya kibanda nilimkuta mpwa wangu ameinama, ameshika ukuta, anatapika. Alijipangusa akanambia, "Mjomba, usimwambie askari. Ni chakula tu." Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa amekishika kichwa kama mtu anayekizuia kisianguke.

Nilijua si chakula, kwani jioni ile hakuwa amekula. Maradhi ya mwinuko huanza hivyo hivyo: kichwa kuuma, tumbo kukataa, usingizi kuruka. Hewa ya pale ina theluthi mbili tu ya nguvu ya hewa ya ufukweni. Mara nyingi mtu akitulia, asipande zaidi, hupona kwa siku moja au mbili. Akizidi kupanda, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, na hapo mambo huwa ni ya saa chache. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma kabla ya kuondoka Unguja.

Wakati wa chakula askari akauliza, "Kuna anayeumwa kichwa?" Mpwa wangu akajibu, "Hakuna, afande." Askari akanitazama mimi. Nami nikapuliza chai yangu.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Sitasema ni huruma kwa kijana, ingawa ndivyo nilivyojiambia wakati ule. Ukweli ni kuwa nilikitaka kilele. Jina lake rasmi ni Socialist Peak, Kilele cha Ujamaa, nami njiani nilikuwa nimekwisha kutunga beti mbili, kina cha mwisho -maa, za kusomwa barazani nitakaporudi. Nilikuwa nimelitunga shairi la kileleni kabla ya kukiona kilele. Na usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, ni mimi niliyekaa katika baraza hiyo hiyo kwa miezi nikiwalaumu wote walioona na wakanyamaza.

Tuliondoka saa saba za usiku, taa vichwani. Baridi ilikuwa ya namna isiyo na jina kwetu. Kidevu kilikufa ganzi. Njia hupanda mpaka pahala paitwapo Rhino Point, kisha hufuata ukingo wa shimo, kulia au kushoto huoni kitu ila giza, na giza hilo lina kina cha mamia ya mita. Kuna miamba ya kupita kwa mikono. Majivu hutelezesha mguu kama mchanga wa maji kupwa. Mchana, wanasema, mtu huogopa. Usiku huogopi, kwa sababu mwanga wa taa unakuonyesha viatu vyako tu.

Baada ya Rhino Point mpwa wangu alianza kusema. Aliuliza kama mashua imefika. Nikadhani anafanya mzaha, nikacheka. Akauliza tena. Kisha akakanyaga pembeni, akarudi, akakanyaga pembeni tena kama mlevi, upande ule wa shimo. Askari akamshika mkono, akamvuta kwenye pahala pa bapa, akamwambia atembee hatua kumi, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hakuweza hatua tatu.

"Mzee, tunashuka."

Nilimwomba tumpumzishe japo robo saa. Msomaji aniwie radhi, niliomba hivyo kweli. Akasema, "Huku kukaa si dawa. Dawa ni chini." Kisha akaielekeza taa yake kifuani pangu, si usoni, kwa adabu, akauliza, "Ulijua?"

Nikamwambia, "Nilijua."

Hakunijibu. Aliitundika bunduki mgongoni, akampitisha mpwa wangu mkono kwapani, akanambia nishike nyuma ya mkanda wake nisiuachie. Tukairudia miamba ile. Matterhorn ulipopandwa mara ya kwanza, tarehe 14 Julai 1865, watu saba walifika kileleni na wanne wakafa wakiteremka. Nilikumbuka hilo wakati ule, na sikutaka kulikumbuka. Mkanda ule wa ngozi niliushika hata vidole vikakakamaa. Kulikucha tukiwa karibu na kibanda. Kilimanjaro ulikuwa umesimama juu ya mawingu, na jua likitoka ubavuni mwake. Wapigapicha husafiri kutoka pande zote za dunia kuliona jambo hilo. Mimi nililiona kwa kugeuza shingo.

Hatukukaa kibandani ila kwa chai. Tukateremka zile ngazi zote, na ilikuwa ajabu kuona kijana anavyorudi daraja kwa daraja: kwanza akaacha kuuliza mashua, kisha akauliza tuko wapi, kisha akaona haya. Miriakamba alikula sahani ya wali, akalala mpaka jioni. Alipoamka nilikuwa nimekwisha kwenda kwa askari, aliyekuwa akisafisha viatu vyake juani, kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye huuliza swali lile mezani kila safari, na kwamba hulitazama jibu katika uso wa anayefuatana na mgonjwa, si wa mgonjwa. "Jana ulinificha uso kwenye kikombe," alisema. "Kosa langu ni kuwa niliona, nikasema ni mtu mzima."

Zile beti mbili sikuzimalizia.

Usiku ule dada yangu alipiga simu kutoka Unguja, mtandao ukikatika na kurudi. Akauliza tumefika? Nikamtazama mwanawe akicheza karata na wapagazi. Nikamwambia tumefika Miriakamba. Hakujua ni wapi. Akasema, "Alhamdulillahi," akataka kuzungumza naye.