Distoshoni laini bila kuwaamsha majirani

Leo ni gita. Kwenye ploti yetu hapa Nairobi huwezi kufungulia ampu usiku, kwa hivyo gita langu la umeme linaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Matokeo yake mnayajua: nyuki ndani ya mkebe. Mwimbaji wetu ameshasema sauti hiyo ikiendelea kumfunika, wimbo utatoka bila distoshoni. Mimi siko tayari kwa hilo.

Distoshoni hukata vilele vya wimbi, na hapo huzaliwa masafa ya juu ambayo nyuzi hazikuyatoa. Kwenye ampu ya kawaida, spika huyameza. Celestion Vintage 30, ya inchi 12, hufanya kazi kati ya 70 na 5,000 Hz hivi. Ukipitia waya mtupu, hakuna wa kuyameza! Basi baada ya programu ya ampu, pakia faili ya mwitikio wa spika; za bure zipo tele. Hiyo ndiyo dawa kubwa. Geini nayo ishushe kuliko unavyotamani.

Sasa utamu wa sisi waandika programu. Distoshoni ikikokotolewa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kinachovuka 22,050 Hz hakipotei, hujikunja na kurudi: 30,000 huwa 14,100, sauti isiyo na undugu na noti uliyopiga. Tafuta kitufe cha kuzidisha sampuli mara 4 au 8, ukiwashe. Feni ya kompyuta yangu hunguruma kama kinu cha unga, lakini heri feni kuliko nyuki.