Kisa cha Prodyuza Asiyetaka Kuapdeti Mac Yake, na Mdada Anayekesha kwa Ajili ya Watu Kama Yeye

Kuna prodyuza mmoja, jina kapuni, studio kwake kuna Mac ya zamani na hataki kabisa kusikia habari ya kuiapdeti. Washkaji wanamcheka, eti kafulia. Kumbe hela anayo. Ishu ni kwamba mwaka 2019 Apple walitoa macOS Catalina, na programu zote za biti 32 zikagoma kufunguka. Programu yake ya kurekodia na nusu ya plagini zake ni za enzi hizo. Akiapdeti tu, midundo ya miaka kumi inabaki mafaili yasiyofunguka. Ndiyo maana kang'ang'ania Mojave ya 2018.

Sasa kasheshe inakuja akitaka kuongeza programu ndogo mpya, mfano ya kubadili mafaili ya sauti. Homebrew, ambayo watengeneza programu wengi huitumia kushusha na kuweka vitu kwenye Mac, inasapoti matoleo matatu tu ya karibuni. Akahamia MacPorts, iliyoanza 2002, ambayo bado inawabeba hata wa kale. Kikawaka!

Yeye akaona muujiza. Lakini muujiza huo una watu nyuma yake, wengi wanajitolea tu bila malipo. Chukua fanksheni moja ya kusoma saa, clock_gettime. Mac haikuwa nayo mpaka toleo 10.12 la mwaka 2016. Programu mpya ikiitafuta kwenye mashine ya zamani na kuikosa, haijengeki. Lazima mtu akae chini aandike kiraka cha kuziba pengo. Hiyo ni fanksheni moja, na mapengo ya aina hiyo yako mengi.

Mdada mmoja anayefanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira yake ya mchana, aliulizwa na mchumba wake: "Hivi mama, unakesha kwa ajili ya mashine ya nani?" Hakuwa na jibu la haraka. Hao watu hawajui, na wengi wao humkumbuka tu siku kitu kikigoma.

Mwisho aliamua hivi: atasapoti matoleo ambayo ana mashine ya kuyajaribia, basi. Kusema "tunasapoti" kitu ambacho hakuna aliyekijaribu ni kumdanganya mtu mchana kweupe. Wengine walinuna, lakini angalau sasa wanajua wanasimama wapi.

Na prodyuza naye asijisahau. Mojave haipati tena marekebisho ya usalama kutoka Apple, na kiraka cha mdada hakizibi matundu ya mfumo wenyewe. Mashine ile ibaki ya muziki tu. Mambo ya benki na barua pepe ayapeleke kwenye mashine nyingine.

Haya wadau, mchumba alikuwa na haki ya kulalamika au mdada aachwe na mapenzi yake? Dondosha maoni hapo chini.